Sheria za kupunguza gesi joto zinatuhusu nini sisi wa Lamu? Jibu langu (refu kidogo)

Mdau aliyefungua uzi kauliza, Marekani wenyewe walishindwa kupitisha sheria ya kuweka kikomo cha gesi joto (zile gesi za moshi zinazoongeza joto la dunia), China wanachoma makaa ya mawe kila siku, sasa sisi Kenya moshi wetu ni kiasi gani mpaka tujifunge? Hili swali nalisikia sana hapa Amu (mji wa Lamu), hata pale uwanjani Mkunguni jioni linazuka, na kila mara huwa najibu vile vile, kwamba sheria hizi zinatuhusu kuliko wao.

Nianze na hiyo ya Marekani manake watu huitaja nusu. Mswada wa Waxman na Markey, wabunge wawili waliouandika, ulipita Bunge la Wawakilishi tarehe 26 Juni 2009, kura 219 kwa 212. Ulitaka gesi zishuke asilimia 17 chini ya kiwango cha 2005 ikifika 2020, na asilimia 83 ikifika 2050. Serikali inaweka kikomo, viwanda vinapata vibali vya kutoa gesi, aliyebakisha anauza na aliyezidisha ananunua. Wapinzani wakauita kodi, na hilo jina likaganda, ingawa vibali vingi mwanzoni vilikuwa vitolewe bure. Wademokrati 44 wakaukataa, wakiwemo wa majimbo yanayoishi kwa makaa ya mawe, na huko Seneti haukufika hata kupigiwa kura, 2010 ukafia hapo. Mwaka huo huo Joe Manchin akigombea useneta West Virginia alitoa tangazo la tivi anaupiga ule mswada risasi kwa bunduki, na akashinda. Mimi simcheki mchimba makaa aliyempigia kura. Alisikia riziki yake inaondoka, na hakuamini ahadi ya kile kitakachokuja badala yake.

Sasa njooni Lamu. Kwasasi ilitakiwa kujengwa mtambo wa stima wa makaa ya mawe, megawati 1,050, na makaa yenyewe kwa kuanzia yaletwe kwa meli kutoka Afrika Kusini, wakati karibu asilimia 90 ya stima ya Kenya inatoka kwa mvuke wa Olkaria, mito, upepo na jua! Mikutano ilifanywa, mingine nilikaa mwanzo mpaka mwisho, tukaambiwa kazi zitakuja. Wavuvi wakauliza maji ya moto yakimwagwa baharini kamba na samaki watakwenda wapi, na jivu litamwagwa wapi, majibu yakawa ya juu juu tu. Ripoti kamili ya tathmini ya mazingira ilikuja baadaye, kubwa ajabu, kwa Kingereza cha wataalamu, nani kijijini angeisoma? Leseni ikatoka 2016.

Watu wa Save Lamu, muungano wa wenyeji waliopinga mtambo, wakaenda kwenye Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira, na tarehe 26 Juni 2019, miaka 10 kamili baada ya ile kura ya Marekani, leseni ikafutwa. Sababu kubwa ilikuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, lakini kuna nyingine ambayo watu huipita, mahakama ilisema tathmini iliiacha nje Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 na hilo ni kasoro. Wadau fikirieni hapo. Ile sheria haina hata kikomo cha tani, ni mipango na mabaraza tu, wabunge waliipitisha Nairobi bila mtu wa Amu kujua, na bado ilimpa mvuvi kitu cha kushika mbele ya hakimu. Bila hiyo karatasi tungebaki na machozi na mabango. Ndio maana mtu akiniambia sheria za gesi joto ni mambo ya wazungu sikubaliani naye hata kidogo.

Lakini niseme na upande wa pili, manake nao unaniuma. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji miti, na mikoko ikaingia humo humo. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu. Ami yangu kazi yake ni boriti na mazio, yaani miti ya mikoko ya kujengea, anauza kwa korija (miti ishirini ishirini), ana kibali, anajua mti upi umekomaa na upi uachwe, akafungiwa kazi sawa na mwizi wa misitu ya bara. Hakuna aliyekuja kumuuliza watoto watakula nini. Yule ami hana tofauti na mchimba wa West Virginia, na mwanasiasa akija leo na bunduki yake ya tangazo atapata kura nyumba nzima. Kwa hiyo sheria ya aina hii ikiandikwa bila kumtaja anayepoteza kazi, na fidia yake, na lini italipwa, inajitengenezea maadui yenyewe.

Na kuna hili la sasa hivi. Sheria ilirekebishwa 2023 kuingiza biashara ya kaboni, yaani kulipwa kwa kupunguza gesi au kutunza miti kama mikoko inayozifyonza, na inasema mradi wa ardhini lazima uwe na makubaliano ya maendeleo na jamii, na jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ukitoa gharama. Kwa hiyo mdau wa Pate uliyeandika hapo juu kwamba kuna watu wanazunguka wakitaka saini za wazee kwa ajili ya mikoko, waambieni wazee wasitie saini kwanza. Huo mkataba usomwe kwa Kiswahili barazani, wakataji boriti na wavuvi wakiwepo na kina mama wanaookota chaza, waulizeni hiyo gharama inayotolewa kabla ya asilimia 40 ni ipi na nani anaihesabu, na nakala ibaki kijijini. Ukiipata nakala nitumie inboksi tuisome pamoja.