Kalenda huletewa mwenye kusaini oda

SWALI: Shikamoo Shangazi. Shemeji yangu anaishi Ohio, Marekani. Kila tukiongea ananiambia wabunge wa kule wamenunuliwa na kampuni za dawa na bima, ndiyo maana matibabu hayashikiki. Kanitumia orodha ya majina na dola walizochangiwa kwenye kampeni. Ni kweli wamenunuliwa? – Msomaji, Chumbageni, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimeuza dawa Ngamiani miaka kumi na tisa. Wakala alikuwa akija na peni, fulana na kalenda, na hata siku moja hakumpa kijana wa kufagia. Alinipa mimi, mwenye kusaini oda. Sikuona kama kaninunua, dawa zake ningeziagiza tu. Ila akija duka limejaa, yeye alivutiwa kiti, na wasio na kalenda wakasubiri barazani.

Takrima yetu, ile Mahakama Kuu iliyoibatilisha mwaka 2006, ilitoka kwa mgombea kwenda kwa mpiga kura. Ya Marekani inatoka kwa mwenye biashara kwenda kwa mgombea, na sheria ina mlango wake. Tangu 1907 kampuni haziruhusiwi kumchangia mgombea wa Bunge lao moja kwa moja. Wakubwa na wafanyakazi wake huchanga kwenye mfuko wa kisiasa, na mfuko hutoa hadi dola 5,000 kwa mgombea kwa kila uchaguzi. Anayetoa zaidi ya dola 200 huandikwa jina na mwajiri wake. Kwa hiyo daktari aliyechangia kwa sababu ya bunduki au kodi naye huhesabiwa kwenye “fedha za sekta ya afya”. Hapo orodha ya shemeji inavimba.

Lakini asibishiwe yote. Mwaka 2009 Max Baucus wa Montana aliongoza Kamati ya Fedha ya Seneti, ambako muswada wa afya ulipita, na fedha za sekta hiyo zilimfuata. Bima ya serikali ya kushindana na za binafsi ilipofika kwenye kamati aliipigia kura ya hapana, akisema kura 60 za Seneti hazitapatikana. Kisa cha Billy Tauzin ndicho kinachonikera hasa. Alikuwa mbunge na mwenyekiti wa kamati iliyoshughulikia sheria ya dawa za wazee ya 2003, iliyoizuia serikali kujadiliana bei na watengenezaji. Mwaka 2005 akawa mkuu wa PhRMA, chama cha watengenezaji hao hao! Katazo lenyewe lililegezwa mwaka 2022, tena kwa baadhi ya dawa tu.

Mwambie shemeji aongeze safu mbili: mbunge yumo kamati gani, na alipigaje kura kabla hajachangiwa. Aliyekuwa akipinga kampuni hizo kubanwa tangu zamani amepewa kwa kuwa ni mtu wao. Aliyegeuka baada ya kupokea, huyo mzungushie duara jekundu.