Leaf au Aqua kwa safari za Nakuru na Kisumu?

Ndugu, unaishi Nakuru, kila wikendi uko Kisumu, na unauliza uchukue Nissan Leaf, gari la umeme lenye betri ya kilowati-saa 40, au Toyota Aqua, haibridi inayotumia petroli pamoja na betri. Chukua Aqua. Leaf hiyo ikiwa mpya ilipimwa Marekani kwa takriban kilomita 240 kwa chaji moja, lakini yako itakuwa mtumba, betri imeshachoka kiasi, tena haipozwi kwa maji. Mlima wa Mau Summit utaimaliza, hasa ukirudi, maana Kisumu iko chini sana. Ingekuwa mizunguko ya mjini tu, ningekuambia Leaf bila kusita.

Kabla hujalipia Aqua, kagua tundu la hewa kando ya kiti cha nyuma. Vumbi likiziba feni inayopoza betri ya haibridi, betri hupata joto na kufa mapema. Fundi aifungue feni hiyo, aisafishe.