Sokwe sio mjinga, macho ndo yanamponza

Kuna mtu kaniuliza kama sokwe hana akili, maana kwenye jaribio moja alikuwa anaishia kumpa mwenzie pipi nyingi. Hapana ndugu, hiyo haimaanishi sokwe hana akili. Hilo jaribio ni la mtafiti Sarah Boysen kule Ohio, Marekani, miaka ya 90. Sokwe anawekewa sahani mbili, tuseme moja ina pipi 1 nyingine 4, na ile anayoinyooshea kidole anapewa mwenzake, yeye anabaki na nyingine. Kwa hiyo ukitaka nyingi onyesha chache, basi. Sasa Sheba, sokwe jike aliyekuwa ashafundishwa namba kabisa, raundi nyingi kidole kinaenda kwenye nyingi na anaona kabisa zinavyoondoka, kesho anarudia tena. Wakatoa pipi wakaweka vikadi vya namba tu, 1 na 4, hapo hapo akaanza kuchagua namba ndogo! Wakirudisha pipi anakosea upya. Mi hiyo sehemu ndo inanigusa sana, maana sheria alikuwa anaielewa ila chakula kikiwa mbele ya macho mkono unatangulia. Hata watoto wetu wa miaka 3 mtihani wa aina hiyo unawashinda sana, jaribu na wa kwako nyumbani uone.