Salio la benki si lote la shirika

SWALI: Mhariri, nimekabidhiwa uongozi wa shirika dogo la vijana hapa Likoni, nami ni mwalimu, sikusomea uhasibu. Mhasibu ananionyesha kuwa benki tuna shilingi 4,200,000, na bodi inataka kujua kama tunaweza kuongeza mishahara. Nianzie wapi kuzielewa hesabu hizi? – Mkurugenzi mpya, Likoni

JIBU: Ndugu Mkurugenzi, usiijibu bodi kwanza. Salio la benki linakuonyesha fedha zilizopo, lakini halikuambii ni za nani. Mwombe mhasibu azigawe mafungu matatu: zilizotolewa na mfadhili kwa kazi maalumu, zinazodaiwa na wengine, na zile ambazo shirika lina hiari nazo. Tuseme 3,100,000 ni ruzuku ya mafunzo ya ufundi, ambayo mkataba hauruhusu itumike kwa jambo jingine, na 650,000 ni kodi ya ofisi, madeni ya wauzaji na makato ya mishahara ambayo hayajapelekwa panapohusika. Mtabaki na 450,000. Ikiwa gharama za ofisi zisizolipwa na mradi wowote ni 300,000 kwa mwezi, basi shirika linaweza kujiendesha kwa mwezi mmoja na nusu tu, na nyongeza ya kudumu haiwezi kusimama juu ya msingi huo.

Nakusihi uyatazame makato hayo kwa jicho kali. Kodi ya mapato inayokatwa kwenye mishahara hupaswa kuifikia KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, na ikichelewa huzaa adhabu ambayo wafadhili wengi hukataa kuilipa, kwa hiyo hulipwa kutoka katika hizo 450,000.

Taarifa ya mapato na matumizi isome pamoja na mikataba ya wafadhili. Ruzuku ya miaka miwili ikiingizwa yote kama mapato ya mwaka iliyopokelewa, mwaka huo utaonekana wa ziada kubwa na unaofuata utaonekana wa hasara, ilhali hakuna aliyeiba wala kuzembea. Bodi nyingi hulaumiana bure kwa sababu hiyo.

Kisha omba ulinganisho wa daftari la fedha na taarifa ya benki wa mwezi uliopita. Ukikuta hundi iliyoandikwa zaidi ya miezi sita nyuma na haijapelekwa benki, uliza ilikuwa ya nani na kwa nini haikuchukuliwa, kwa kuwa benki haitaipokea tena na huenda deni lenyewe bado lipo. Kuuliza hivyo si kumshuku mhasibu. Mhasibu mzuri hufurahi kuwa na kiongozi anayesoma anachotia saini.

Bodi ipelekee ukurasa mmoja wenye mafungu hayo matatu na idadi ya miezi iliyobaki, kisha suala la mishahara lijadiliwe ukurasa huo ukiwa mezani.