Mwanafunzi kasema mfupa haujaandikwa mama yake ni nani. Nimjibuje?

SWALI: Habari mtaalamu. Nafundisha bayolojia sekondari huku Kongwa. Juzi kwenye mada ya mageuko nikawaambia vijana visukuku (mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe) ni ushahidi kwamba viumbe vimebadilika, kijana mmoja akanyoosha mkono akasema "mwalimu, mfupa ni mfupa tu, haujaandikwa mama yake ni nani wala mtoto wake ni nani, sasa unathibitisha nini?" Darasa zima likacheka, mi nikabaki na chaki mkononi. Alafu akaongeza, mbona Dodoma mawe yamejaa kila kona na hatuoni hata kisukuku kimoja? Nisaidie kabla ya Jumatatu.

JIBU: Mwalimu, kwanza huyo kijana usimkaripie, maana alichosema ni kweli tupu. Mfupa mmoja peke yake hauthibitishi ukoo, na mtu wa fani yetu mwenye akili timamu haokoti mfupa akasema huyu ndo babu wa yule. Sisi tunaangalia mambo mawili, mfupa umekutwa tabaka gani, na unafanana na nani sehemu ambazo hazina sababu yoyote ya kufanana. Hilo la pili ndo lenye utamu, ntalifikia.

La mawe ya Dodoma ni fupi. Haya majabali tunayoyaona mjini, Mlima Simba na wenzake, ni graniti, yani ulikuwa uji wa moto chini ya ardhi ukapoa taratibu, na umri wake ni zaidi ya miaka bilioni 2.5. Kutafuta kisukuku humo ni sawa na kutafuta samaki kwenye tanuru la matofali. Kisukuku kinataka tope. Fikiria Bahi, Mto Bubu unashuka kila masika na tope lake unalimwaga pale, samaki akifa akafunikwa haraka kabla hajaoza wala kuliwa, ana bahati, labda baada ya muda mrefu sana ataonekana kama jiwe. Ila mbuzi akifa porini Chamwino huko, usiku fisi keshamaliza mpaka mifupa, kinachobaki jua na mvua vinamalizia. Ndo maana visukuku ni vichache na ndo maana kwenye ukoo wowote lazima kuna mapengo, hilo mwambie wazi usimfiche.

Sasa matabaka. Kama umewahi kupita makorongo ya Kondoa, yale yaliyochimbwa na mmomonyoko, umeona ukuta wa udongo una mistari mistari, wa chini ulitangulia wa juu ukafuata, hilo halihitaji digrii. Kwenye miamba ya tope na mchanga duniani kote ni hivyo hivyo, na ukipanda kutoka chini kwenda juu unakuta kwanza vijidudu tu, baadae viumbe vya baharini visivyo na uti wa mgongo, alafu samaki, alafu wa miguu minne, mamalia wanakuja nyuma sana, na binadamu yuko juu kabisa karibu na nyasi. Watu wanachimba makaa, mafuta, gesi, visima, kila siku kila nchi, na hajawahi kukutwa mbuzi kwenye tabaka la samaki wa kwanza. Mbuzi mmoja tu angetuvurugia hesabu zote. Kijana akitaka kuiangusha hii nadharia mwambie kazi ni hiyo, aende akamtafute.

Na sio lazima uende Ulaya kupata mfano. Hapo jirani zetu Singida kuna sehemu inaitwa Mahenge (sio ile ya Ulanga ya madini ya spineli, watu wanachanganya sana), zamani ilikuwa ziwa dogo ndani ya kreta, yani shimo lililoachwa na mlipuko wa volkano, na kreta yenyewe ni ya kimberlaiti, mwamba wa aina ile ile ya Mwadui kwenye almasi. Chini ya ziwa lile tope laini lilitulia kabisa na samaki wamehifadhika mpaka magamba. Wamo samaki wa ukoo wa sato na furu, spishi tano zimeshapewa majina, kundi lao linaitwa Mahengechromis, na umri ni kama miaka milioni 46. Sio sato, sio furu, ila ukoo ni huo huo. Kuna na popo humo, ila kwa swali la kijana wako popo yule hatusaidii sana, tayari ni popo kamili na sikio lake la ndani kubwa kama la popo wanaotumia mwangwi kuwinda, kwaiyo hadithi ya mwanzo wa popo lazima ikatafutwe kwenye tabaka za chini zaidi.

Atakuuliza hiyo 46 imetoka wapi. Wengi wanadhani ni kaboni 14, hapana bana, kaboni 14 inaishia kama miaka 50,000 hivi. Hapa wametumia zirkoni, punje ndogo ngumu zilizokuja na ule mlipuko. Punje ya zirkoni ikijiumba inapokea uranium kidogo, hii hii uranium iliyotafutwa Bahi na Manyoni, ila madini ya risasi inayakataa. Baadae uranium inageuka risasi pole pole kwa kasi isiyobadilika, nusu yake inachukua kama miaka bilioni 4.5. Kwaiyo risasi yoyote unayoikuta humo imezaliwa humo humo, unapima kiasi cha uranium na kiasi cha risasi, unapiga hesabu, umri huo hapo.

Haya, sasa utamu. Mwalimu umewahi kula supu ya mbuzi ukakutana na ule mfupa mdogo wa kifundo cha mguu wa nyuma, ule ambao watoto wengine wanauchezea? Uangalie vizuri. Juu una mfereji kama kapi la kamba, na chini una mfereji mwingine wa kapi. Kapi mbili kwenye mfupa mmoja. Ng'ombe anao, nguruwe anao, twiga, swala, kiboko wa Mtera pia. Mbwa hana, mfupa wake una kapi ya juu tu, chini ni duara. Farasi hana. Ni wanyama wenye kwato zilizogawanyika na ndugu zao tu.

Sasa nyangumi. Watu wa vinasaba walisema kwamba ndugu wa karibu wa nyangumi kwa walio hai ni kiboko. Wataalamu wengi wa mifupa wakabisha, wao walikuwa wameshikilia ukoo mwingine wa wanyama walao nyama uliotoweka zamani. Ubishi ukaendelea mpaka 2001, timu mbili tofauti zikatangaza mifupa kutoka Pakistan ya nyangumi wa kale kabisa, wa miaka milioni 47 mpaka 50 hivi, walikuwa na miguu minne, na kifundo cha mguu... kapi mbili! Kama cha mbuzi. Walioshikilia ule ukoo mwingine ikabidi wakubali. Alafu ukipanda tabaka za juu, jangwani Misri kuna bonde limejaa nyangumi wa karibu miaka milioni 38, aina mojawapo ina urefu wa zaidi ya mita 15, ni wa majini moja kwa moja, na bado ana vijiguu vya nyuma vidogo visivyoweza kumbeba hata kidogo.

Hapo ndo lile neno langu, kufanana bila sababu. Nyangumi na samaki kufanana umbo la nje haishangazi, maji yanadai umbo hilo. Ila mnyama wa majini anataka nini na kifundo cha mbuzi? Ni kama Mgogo aliyehamia Dar miaka 30, anavaa kipwani, anaongea kipwani, hata anakana kwao, ila akijikwaa gizani analalamika Kigogo. Umeshajua katokea wapi, na hukuhitaji cheti cha kuzaliwa.

Na usimfanye kijana aamini kwamba wataalamu huwa hawakosei. Bonde la Ruhuhu huko kusini limetoa mnyama anaitwa Teleocrater, mifupa ya kwanza iliokotwa 1933, ikakaa kabatini Uingereza miaka na miaka, mpaka mingine ilipopatikana 2015 na taarifa ikatoka 2017. Ana umri wa kama miaka milioni 245 na yuko upande wa ukoo uliokuja kuzaa dinosaria na ndege. Wengi walitegemea ndugu wa mwanzo kabisa wa upande huo wawe vijidinosaria vidogo, huyu akaja anatembea kwa miguu minne, na kifundo chake (tena kifundo!) kinafanana na cha mamba. Matarajio yakabadilishwa, mpangilio wa matabaka haukuguswa.

Akileta suala la dini mwachie mchungaji wake, mi kazi yangu mawe.

Kwa Jumatatu fanya hivi, nenda kwa muuza supu pale Kibaigwa mwambie akuwekee kifundo cha mguu wa nyuma wa mbuzi, na kama shule yenu haina shida na kitimoto tafuta na cha nguruwe, uwape washike wenyewe wahesabu kapi kabla hujasema neno nyangumi. Sisitiza wa nyuma, wakikupa mguu wa mbele mfupa huo haumo. Na uchemshe mpaka nyama iachie yote, darasa la watoto 80 na mfupa wenye mafuta, nzi watakushinda.