Nakimbia kila siku, nakula kidogo, mzani umegoma. Nipunguze tena chakula?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni dada wa miaka 29, nipo Dar, kazi yangu ni ya kukaa ofisini. Urefu sentimita 163, nilianza na kilo 88 sasa nina 82. Nakimbia kilomita 8 kila asubuhi isipokuwa Jumapili, na jioni siku tatu naingia jimu darasa la erobiki. Wanga nimekata kabisa. Asubuhi chai ya rangi bila sukari na tikiti, mchana kachumbari na parachichi nusu, usiku mchicha na mayai mawili, basi. Wiki mbili za mwanzo nilishuka kilo 5, baadae ikashuka moja, sasa hivi ni wiki ya tano mzani upo palepale. Nasikia baridi ofisini wakati wenzangu wanalia joto, nywele zinatoka, usiku silali vizuri, mguu wa kulia unauma chini ya goti, na siku zangu mwezi wa pili huu hazijaja. Kocha anasema mwili umezoea, niongeze ziwe kilomita 12 na nitoe hilo parachichi. Rafiki yangu anasema mwili ukikosa chakula unashikilia mafuta. Nani mkweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Parachichi liache hapohapo lilipo, na hizo kilomita 12 zisahau kabisa kwa sasa. Naomba nianze na hesabu, maana kwenye mambo ya kupungua watu wanabishana kwa hisia wakati namba zipo na ni za kujumlisha na kutoa tu.

Mwili wako hata ukilala kitandani kutwa nzima bila kunyanyua mkono unatumia nishati, moyo unadunda, ini na figo zinafanya kazi, ubongo nao ndo usiseme. Kuna kanuni tunaitumia inaitwa Mifflin-St Jeor, ni ya mwaka 1990, unachukua kilo zako mara 10, unajumlisha urefu wa sentimita mara 6.25, unatoa umri mara 5, halafu kwa mwanamke unatoa 161. Kwako inakuja kama kalori 1,530. Hapo bado hujagombania daladala, hujaingia ofisini, hujafua wala hujapika, ukiweka na hayo unafika kama 2,140. Sasa ndo tuje kwenye tizi. Kukimbia kunakula takriban kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita, kwa hiyo kilomita 8 na kilo zako 82, ukitoa zile ambazo ungezitumia hata ukiwa umekaa, ni kama 600. Erobiki nakupa 300. Nikizitandaza kwenye wiki nzima napata wastani wa kalori 640 kwa siku. (Saa ya mkononi ikikuambia umechoma 1,100 usiibishie ila usiiamini pia, nyingi zinatia chumvi.) Jumla ya matumizi yako ni kama 2,780.

Na chakula? Nimeipigia hesabu sahani yako nikawa mkarimu, tikiti nikalikata vipande vinene, mchicha nikauongezea mafuta, na bado sijafika 800.

Toa 640 za mazoezi kwenye hizo 800, zinabaki 160. Hizo 160 ndo mwili wako unatakiwa uendeshee kila kitu kingine. Ni kama mshahara unaokatwa mkopo kabla haujaingia, mazoezi yanakata kwanza, kinachobaki ndo kodi, umeme na ada ya mtoto, na kisipotosha kuna vitu lazima vizimwe. Mwili unaanza kuzima vile ambavyo hufi leo ukivikosa, yaani uzazi, nywele, joto, kujenga mfupa, usingizi mzuri. Sasa rudia kusoma orodha ya malalamiko yako uone kama kuna kilichobaki.

Hii sio nadharia. Mtafiti wa Marekani anaitwa Anne Loucks aliwachukua wasichana wenye afya, akawapangia chakula na mazoezi kwa vipimo, na matokeo yaliyochapishwa 2003 yalionyesha kwamba ile nishati inayobaki baada ya mazoezi ikishuka chini ya kalori 30 kwa kila kilo ya mwili isiyo mafuta, homoni inayoongoza mzunguko wa hedhi inaanza kuvurugika, na ilitosha siku tano tu. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikaipa hali hii yote jina, RED-S, yaani upungufu wa nishati kwa mtu anayefanya michezo, na wakasema wazi haiwapati wanawake peke yao, wanaume nao wanashuka homoni zao na mifupa inaumia. Watu wanadhani ni ugonjwa wa wanariadha wembamba kama sindano, lakini hata mtu mwenye kilo zake 82 anaingia humo vizuri tu kama kinachoingia ni kidogo na kinachotoka ni kingi. Kwako, nikikadiria kilo 51 hivi za mwili usio mafuta, kizingiti ni kama kalori 1,530 zinazobaki, wewe unabakiwa na 160. Kizingiti chenyewe sio ukuta, kinatofautiana mtu na mtu, ila wewe hatuwezi hata kubishana upo upande gani.

Sasa swali lako la nani mkweli. Kwa kweli wote wawili wamekosea, kila mtu kwa njia yake.

Rafiki yako anasema mwili ukinyimwa unashikilia mafuta. Hapana. Mwaka 1944 mpaka 1945 pale Chuo Kikuu cha Minnesota wanaume 36 walijitolea kula wastani wa kalori 1,570 hivi kwa siku, wiki 24 mfululizo, huku wakitembea karibu kilomita 35 kwa wiki. Walipungua mpaka robo ya uzito wao, mafuta yaliyeyuka kweli kweli. Ila walikuwa wanasikia baridi muda wote, wamepoa, wanaongelea chakula kutwa kucha, na miguu ikawavimba maji. Hayo maji yashike, maana ndo jibu la mzani wako.

Kilo 5 za wiki mbili za mwanzo hazikuwa mafuta zote. Ulipokata wanga ghafla ulimaliza glaikojeni, ule wanga wa akiba kwenye misuli na ini, na kila gramu yake hukaa na kama gramu 3 za maji, kwa hiyo sehemu kubwa ya zile kilo uliikojoa. Baada ya hapo likaja la kinyume, mwili ulio kwenye msongo, unaolala vibaya, wenye misuli inayouma kila siku, unazuia maji, na mafuta kilo mbili yanaweza kutoka yakazibwa na maji kilo mbili, mzani ukakuonyesha namba ileile ukalia. Pia matumizi yenyewe yameshuka: unakaa zaidi bila kujua, unapanda lifti, mbio zako zimekuwa nzito, tezi la shingo nalo limepunguza kasi. Lakini nikwambie ukweli, hata matumizi yakishuka kwa robo bado kwa kalori 800 ulitakiwa uwe unapungua. Kwa hiyo nina jambo la tatu. Umeniambia Jumapili hukimbii, hujaniambia Jumapili unakula nini. Sikuulizi kwa ubaya, watu wengi ninaowaona wanaojinyima namna hii kuna siku au kuna usiku njaa inawazidi, anasimama jikoni anamalizia chapati za watoto, anaramba siagi ya karanga kwenye kopo, kesho yake anakimbia kwa hasira kufidia. Ukijikuta humo ujue sio udhaifu wa moyo, ni hizo kalori 160 zinadai chao.

Na kocha anaposema mwili umezoea yupo karibu na ukweli, dawa yake tu ndo ya hatari. Ukiongeza kilomita 4 kila asubuhi unaongeza kama 300 za kukatwa juu, zinazobaki zinaingia kwenye hasi. Hakuna mtu anaweza kufidia kwa juhudi kitu ambacho hakipo tumboni.

Ufanye nini. Unataka kupungua na mimi nataka upungue, kwa hiyo nachukua kile kizingiti cha 1,530, naongezea 640 za mazoezi, inakuja kama kalori 2,150 kwa siku. Najua umeshtuka. Lakini angalia, matumizi yako ni 2,780, bado una upungufu wa kama 600 kila siku, ambao kwa hesabu ya karatasi ni nusu kilo ya mafuta kwa wiki, tena unapungua huku unalala na nywele zipo kichwani. Na hiyo ni kiwango cha chini. Kwa vile siku zako zimeshasimama, mwezi wa kwanza ningependa ukae karibu na 2,400 na mazoezi yapungue, kukimbia siku tatu au nne badala ya sita, zile siku mbili weka vyuma ili misuli isiondoke na mafuta.

Sahani ya kalori 2,150 sio karamu, wala haihitaji salmoni wala kwinoa. Kabla ya kukimbia ndizi mbivu moja, usitoke tumbo tupu. Ukirudi viazi vitamu vya kuchemsha viwili vya wastani, mayai mawili na glasi ya maziwa. Mchana wali, kama ngumi moja na nusu, maharage kikombe kizima sio mchuzi wake, kipande cha samaki na mchicha uliokaangwa kwa kijiko kimoja cha mafuta, na hapa naomba ukipime kweli, kijiko kimoja cha chakula ni kalori 120 na mama ntilie akimimina kwa kopo hajui kaweka vingapi. Saa kumi karanga za kukunjia mkononi na chungwa. Usiku ugali wa gramu 100 za unga mkavu, dagaa, mboga. Humo ndani kuna protini kama gramu 105 na hatujagusa unga wa protini wa kopo hata mmoja. Siku za 2,400 ongeza parachichi lako nusu na ndizi nyingine, umemaliza.

Wanga naona unauogopa kuliko nyoka. Kuna utafiti ulichapishwa 2004 wa wakimbiaji wa juu wa Kenya wakiwa kambini, karibu asilimia 76 ya nishati yao ilikuwa inatoka kwenye wanga, ugali, viazi, na chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha. Sikuambii ule kama wao maana hukimbii kama wao, ila mtu anayekimbia kilomita 48 kwa wiki bila wanga anajitafutia mateso bure. Na wale wanaojifunga nailoni tumboni pale Coco Beach wanatoa jasho tu, wakinywa maji linarudi.

Mambo mawili hayasubiri lishe. La kwanza kapime mimba, usinune, kwa mwanamke yeyote ambaye siku zake zimekata ndo kipimo cha kwanza na ni cha bei rahisi. Ikiwa hakuna, nenda kwa daktari wa wanawake, mwambie kila kitu ulichoniandikia hapa, apime tezi la shingo na prolaktini (homoni ya maziwa, ikizidi inasimamisha hedhi) na wingi wa damu, maana kusikia baridi na nywele kutoka inaweza pia kuwa upungufu wa damu au tezi na mimi sitaki nikusingizie chakula peke yake. Usikubali kupewa vidonge vya uzazi wa mpango ili tu siku zirudi, zile zitakuletea damu lakini haziondoi tatizo, na mfupa unaendelea kuumia kimya kimya.

La pili huo mguu. Kaa chini, pitisha kidole kimoja polepole kwenye mfupa wa mbele kuanzia chini ya goti kushuka. Kama maumivu yametapakaa eneo refu huenda ni misuli na utando wake, pumzika wiki mbili uone. Kama kuna sehemu moja ndogo ukibonyeza unaruka, au unauma hata ukiwa umelala, hapo acha kukimbia leo leo, inaweza kuwa ufa wa msongo kwenye mfupa, na eksirei ya mapema mara nyingi haiuonyeshi kwa hiyo usijipe moyo kwa picha moja safi. Baiskeli au kuogelea unaweza kama hakuumi.

Mwisho, mzani. Ukianza kula wiki ya kwanza utapanda, kilo moja, wengine mpaka mbili. Ni glaikojeni inarudi na maji yake na chakula kilichopo tumboni, ili upate kilo mbili za mafuta ungetakiwa ule ziada ya kalori kama 15,000 juu ya matumizi yako na mimi sijakupa ziada hata moja. Kwa hiyo mzani uweke chini ya kitanda wiki mbili, chukua futi ya fundi cherehani pima kiuno usawa wa kitovu kila Jumamosi asubuhi kabla ya kula, andika. Baada ya wiki nne niandikie vipimo hivyo, majibu ya daktari, na hiyo Jumapili uniambie unakula nini.