Maswali yenu: plastiki ndogo na viumbe wachanga wa baharini

Yai la kiumbe wa baharini halina mdomo. Plastiki inaliumizaje?

Katika saa za mwanzo kiinitete (yai lililorutubishwa linaloanza kukua) hakili chochote, kwa hiyo hatari kubwa si chembe ya plastiki bali kemikali zinazotoka kwenye chembe na kuingia majini. Hakuna plastiki ya dukani iliyo resini tupu, yaani malighafi yake pekee. Huongezwa vilainishi, rangi na viungo vya kuikinga isiharibiwe na joto, na PVC, plastiki ya mabomba ya maji, mara nyingi huwa na zinki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter na kituo cha Stazione Zoologica cha Napoli waliloweka punje za plastiki kwenye maji ya bahari, kisha wakakuza humo viinitete vya viumbe wa aina saba. Kwenye maji ya punje mpya za PVC, kipimo kilipokuwa kikubwa, ukuaji uliharibika kwa aina zote.

Kwa shokishoki wa baharini, yule mwenye miiba, inajulikana tangu karne iliyopita zinki hufanya nini. Kiinitete chake cha kawaida huanza kujikunja kwa ndani ndani ya siku moja na kutengeneza utumbo; kufikia saa 48 hivi, huwa lava (mtoto mchanga anayeogelea) mwenye mikono iliyoshikiliwa na vijiti vya chokaa. Zinki ikizidi, seli hazijikunji. Unabaki na kimpira chenye vinyweleo kinachozunguka majini, hakina utumbo wala mifupa. Kinaweza kuogelea, ila hakitakula kamwe.

Tunazalisha vifaranga vya jongoo bahari. Tangu tufunge mabomba mapya ya PVC, lava wanakufa kabla ya siku ya tatu. Ni mabomba?

Inawezekana kabisa, lakini msiyang'oe kabla ya kupima. Chukueni mitungi sita ya kioo ya nusu lita. Mitatu ijazeni maji yaliyolala usiku kucha ndani ya mabomba, mitatu maji yaleyale ya bahari yaliyochotwa kwa chombo cha kioo bila kupita kwenye bomba. Maji yote yapite kwenye kichujio kimoja, na chumvi na joto vilingane. Gaweni mayai yaliyorutubishwa ya mama mmoja, idadi sawa kila mtungi, na msiyarundike. Baada ya saa 48 tazameni lava 100 wa kila mtungi kwa darubini na kuhesabu walio na umbo sahihi.

Mitungi yote ikiwa mibaya, tatizo huenda ni mayai, joto au bakteria, na jaribio halijathibitisha kosa la mabomba. Ikiwa ni ile ya bomba tu, jazeni mfumo mzima maji ya bahari, acheni wiki moja, mwageni, rudieni mara tatu au nne, halafu pimeni upya. Gundi ya kuunganishia nayo iachwe ikauke kabisa kabla ya maji ya kwanza. Kabla ya yote hayo, hata hivyo, kagueni koki za shaba na bolti zilizopakwa zinki. Kwenye maji ya chumvi hizo huweza kumwaga madini mengi kuliko bomba lenyewe, na watu wengi huzisahau kwa sababu ni ndogo.

Chaza wakila chembe za plastiki, watoto wao wanadhurika?

Ndiyo, na jaribio lililo wazi zaidi ni la Ufaransa, lililochapishwa mwaka 2016. Chaza wakubwa wa Pasifiki waliwekwa miezi miwili kwenye maji yenye vipira vya polistirini (aina ya plastiki) vya mikroni 2 na 6, mikroni ikiwa sehemu ya elfu ya milimita, ukubwa unaokaribia wa mwani wanaokula. Mayai yalipungua kwa asilimia 38, kasi ya mbegu za kiume ikashuka kwa asilimia 23, na lava waliopatikana wakapungua kwa asilimia 41. Chaza hutumia nguvu kushughulikia kisicholisha, na kinachokatwa kwanza ni bajeti ya mayai.

Hata hivyo, lava wa chaza walipolishwa plastiki moja kwa moja kwa siku 8, katika utafiti wa Uingereza wa 2015, hawakuonyesha tofauti ya ukuaji inayopimika. Mfugaji aangalie zaidi hali ya wazazi katika miezi ya kunona kabla ya kutaga.

Nilisoma kwamba vifaranga vya samaki hupendelea plastiki kuliko chakula. Kweli?

Msitegemee habari hiyo. Ilitoka kwenye makala ya jarida la Science ya 2016 kuhusu samaki wa Bahari ya Baltiki, kaskazini mwa Ulaya, na makala hiyo iliondolewa 2017 kwa sababu data zake hazikuaminika. Bado inasambazwa kana kwamba haikuondolewa.

Shule yetu ya pwani inataka kupima plastiki mchangani. Tuanze wapi?

Anzeni kwenye mstari wa taka unaoachwa na maji kujaa. Pimeni mraba wa nusu mita, kwangueni sentimita 5 za juu, kausheni, kisha chekecheni: chekeche ya milimita 5 itoe makubwa, ya milimita 1 ibakize mnayotaka. Yeyusheni gramu 360 za chumvi kwa lita ya maji, mimineni juu ya masalio, korogeni, acheni saa moja. Vinavyoelea viokoteni kwa koleo na kuvigusa kwa sindano ya moto: plastiki huyeyuka, gamba na kijiti haviyeyuki. Vyombo viwe vya kioo au chuma.

Maji hayo ya chumvi yana uzito wa takriban gramu 1.2 kwa sentimita ya ujazo. Polithini, polipropilini na polistirini vitaelea, ilhali PVC, yenye gramu 1.3 hadi 1.4, itazama pamoja na mchanga. Kwa hiyo msiandike kwenye ripoti kwamba ufuo hauna PVC kabla ya kupekua na kilichobaki chini.